Rumeti wako kaanza kutumia: mwongozo wa kuzuia na kusaidia wanafunzi wa chuo wenye shida ya madawa

Wengi wakisikia madawa ya kulevya chuoni picha inayowajia ni mtu aliyechakaa, nguo chafu, anajikuna, anapiga mizinga kila anayepita. Ukisubiri mpaka umwone mwenzako hivyo ujue umechelewa sana. Mwanafunzi anayetumia kwa kawaida anaingia lekcha, anaoga, anaposti picha, asainimenti anapeleka, na matokeo yake yanasomeka vizuri tu mpaka semista moja yanaporomoka na watu wanaanza kuulizana kulikoni. Mwongozo huu ni wa rumeti, washkaji wa karibu, viongozi wa wanafunzi na mzazi aliye mbali anayesikia sauti tu kwenye simu. Watu wa ofisi nao nimewawekea neno huko chini.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusije kubishana katikati: kila dawa anayotumia mtu inamfanyia kazi fulani. Inamkesheza, inamlaza, inamtoa aibu, inamsahaulisha msiba au deni. Kama hujaijua hiyo kazi utamnyang'anya pakiti leo na kesho kutwa ana nyingine, tena safari hii kaificha vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Jua kinachotumika na kinatumika kwa nini

Acha kuviweka vyote kapu moja. Kuna kundi la kukesha, hawa ni wale wa mitihani, wanameza vidonge ambavyo daktari huwaandikia watu wenye tatizo la umakini (ADHD), kama Ritalin na Adderall, wanapeana au wanauziana hosteli kwa hosteli. Wanaamini vinaongeza akili. Mwaka 2023 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti wa watu 40 wenye afya waliopewa dawa za aina hii na kuwekewa maswali magumu ya kufikiri, wakaonekana wanahangaika zaidi na kutumia muda mwingi zaidi lakini ubora wa kazi yao ukashuka. Yaani unajiona uko moto, karatasi inasema kingine. Na mtu aliyekesha usiku mbili mfululizo hata alichosoma hakikai, maana ubongo unapanga kumbukumbu ukiwa usingizini.

Kuna kundi la kutuliza, diazepam (wengi wanaita valiamu) na ndugu zake kama alprazolam. Huku wanaingia wenye wasiwasi, waliokosa usingizi, na wale waliomeza vya kukesha sasa wanataka kushuka, kwahiyo mtu anajikuta anatumia kimoja kupanda na kingine kushuka. Kuna la maumivu, tramado na dawa za kikohozi zenye kodeini, watu wanazichukulia poa kwa sababu zinauzwa famasi, wakati ziko familia moja na heroini na tramado ikizidi inaleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Afu bangi, pombe, kokeini, meth na unga wenyewe (heroini), hivi mnavijua sina haja ya kueleza kimoja kimoja.

Cha kushika hapa ni mchanganyiko. Pombe juu ya valiamu, au valiamu juu ya tramado au unga, zote zinapunguza kasi ya kupumua na zikikutana zinaongezeana nguvu. Mtu anaweza kuzimika kwa dozi ambayo kila moja peke yake asingeisikia. Na bangi ya kula, ile iliyowekwa kwenye keki au biskuti, inachelewa, inaweza kuchukua nusu saa mpaka masaa mawili ndo ianze kushika, kwahiyo mgeni anasema mbona sisikii kitu anaongeza tena, ikija inakuja yote.

Hatua ya 2: Zuia mapema, na usizuie kwa kutisha

Wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza ndo dirisha lenyewe. Mtu kaja hajui mtu, anataka kukubalika, hana wa kumuuliza umelala wapi, na sehemu ya ubongo inayopima hatari na kujizuia inaendelea kukomaa mpaka kama miaka 25. Akipata kundi lake wiki hizo, iwe kwaya, timu ya mpira, klabu ya mdahalo, msikiti au kanisa, au washkaji wa kusoma pamoja tu, anakuwa na mahali pa kuwa Ijumaa usiku. Viongozi wa wanafunzi kama mna nguvu ya kitu kimoja tu basi iwekeni hapo, tafuteni wale ambao wiki ya tatu bado wanakula peke yao.

Semina za kutisha, zile za kuonyesha picha za maiti na kuleta mtu apige kelele jukwaani, hazina rekodi nzuri. Marekani kulikuwa na programu kubwa ya polisi kuingia mashuleni, DARE, ilianza Los Angeles 1983, ikasambaa nchi nzima, na watafiti walipoipima miaka ya 90 wakakuta waliopitia na wasiopitia karibu hawana tofauti katika kutumia. Sababu haiko mbali: ukimwambia mtu bangi ya siku moja itamuua, afu akamwona mshkaji wake kavuta na yuko hai anacheka, hatakuamini tena hata ukimwambia ukweli kuhusu unga.

Kinachosaidia ni ukweli wa hesabu. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walionyesha kwamba wanafunzi wa chuo wanadhani wenzao wanakunywa kuliko wanavyokunywa kweli, na hiyo dhana yenyewe inawasukuma kuongeza ili wafanane na kundi ambalo halipo. Kwahiyo chuo kikifanya dodoso lake la siri kikatoa namba halisi, yule mgeni anagundua kumbe wengi hawatumii, ila wasiotumia hawana kelele.

Mambo madogo ya chumbani nayo yana uzito. Kaeni mwanzo wa semista mkubaliane kabisa, humu ndani hakivutwi kitu, mgeni akija na mzigo wake anaondoka nao, na mtu akizidiwa tunaita msaada kwanza maswali baadaye. Mjiandalie na majibu ya kukataa mapema maana pale kwenye pati huna muda wa kutunga. "Kesho nina testi" linafanya kazi. "Natumia dawa za hospitali" linafanya kazi zaidi, hakuna anayekubishia. Kushika glasi ya soda mkononi muda wote nako kunapunguza usumbufu, we jaribu uone.

Na kama unameza vya kukesha kwa sababu silabasi imekushinda, hilo ni tatizo la ratiba kwanza, nenda kwa lekchara au mshauri wako wa kozi uombe msaada wiki ya nne, usisubiri ya kumi na tatu.

Hatua ya 3: Soma mabadiliko

Usiniulize dalili za mtumiaji, niulize amebadilika nini. Mpole kawa mkali, mcheshi kawa kimya, aliyekuwa analala saa nne sasa yuko macho mpaka alfajiri, pesa inaisha wiki ya kwanza ya mwezi na vitu vyake vinaanza kupotea kimoja kimoja, laptopu "iko kwa fundi" mwezi wa pili sasa. Marafiki wa zamani kawaacha wote. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano (unga, tramado, kodeini) au zimetanuka hata kwenye mwanga (kokeini, meth, vya kukesha). Anavaa mikono mirefu kwenye joto.

Ila kaa ukijua karibu yote hayo yanaweza kuwa ni msongo wa mawazo, msiba, ada haijalipwa, mimba, au kaachwa. Usimtangaze mtu. Nimeona mtu anaitwa teja grupu zima la WhatsApp kumbe ana tatizo la tezi la shingo, na aliyeanzisha hakuwahi kuomba msamaha.

Hatua ya 4: Ongea naye, na uongee vizuri

Hapa ndo wengi wanaharibu. Wanakwenda watano, wanamzunguka, wanamhubiria, mtu anatoka pale na hasira na kitu cha kwanza anachokitafuta ni kile kile. Nenda peke yako, awe hajatumia muda huo, msiwe na haraka, ikiwezekana mkiwa mnatembea maana watu wanaongea rahisi wakiwa hawaangaliani usoni. Inaweza kwenda hivi:

– Mwanangu nataka kukuuliza kitu, na sijaja kugombana.

– Uliza.

– Toka testi zipite hulali. Juzi nimeamka saa tisa usiku uko macho unazunguka tu chumbani, asubuhi lekcha hukwenda. Na nilivyokuwa natafuta chaja nikaona ile pakiti chini ya godoro.

– Kwahiyo unanipekua siku hizi?

– Chaja kaka. Na sijamwambia mtu yeyote. Nataka kujua tu vinakusaidia nini.

– Bila hivyo sisomi bana, nakaa na kitabu masaa matatu ukurasa ule ule.

– Sawa nimekuelewa. Na vinakuharibia nini?

– ...Moyo. Kuna muda unakwenda mbio mpaka naogopa kulala.

Umeona alichofanya huyu aliyeanzisha maongezi? Kasema alichokiona kwa macho, hajamwita jina, na kauliza faida kabla ya hasara. Ukimuuliza mtu hasara tu atatetea dawa yake, ukimpa nafasi aseme faida, hasara anaitaja mwenyewe. Ni mbinu ambayo mwanasaikolojia William Miller aliianzisha miaka ya 80 na baadaye akaiendeleza na Stephen Rollnick, washauri nasaha wanaisomea, lakini kipande chake hata rumeti anaweza kukitumia. Kuna swali lao moja zuri sana: kutoka 0 mpaka 10 unaona umuhimu wa kuacha uko wapi? Akisema 4 usimwambie mbona ndogo, muulize kwa nini si 2. Hapo anaanza kujitetea upande wa kuacha.

Malizia na kitu kidogo cha kufanya, "kesho saa nne nakusindikiza kwa mshauri, nitakaa nje". Akikataa mwache, mwambie mlango uko wazi, rudi tena baada ya siku kadhaa. Usimkopeshe hela, usimfanyie asainimenti, usimsainie mahudhurio. Hivyo vitatu vinaonekana upendo ila vinampa uwezo wa kuendelea bila kusikia maumivu yoyote.

Hatua ya 5: Akizidiwa

Hii sehemu isome mara mbili.

Mtu kazidisha unga, tramado, kodeini au kitu chochote cha familia hiyo: haamki ukimwita, mboni ndogo kabisa, anakoroma kwa mkoromo wa ajabu kama maji yanachemka kooni, au hapumui vizuri, midomo na kucha zinageuka bluu, kwa ngozi nyeusi angalia ndani ya midomo na fizi utaona rangi ya kijivu. Wengi wamekufa huku rumeti akisema mwacheni kalala, si mnamsikia anakoroma. Ule mkoromo ndo hatari yenyewe.

Mwite kwa sauti, sugua kwa nguvu katikati ya kifua kwa mafundo ya ngumi. Asipoamka piga namba ya dharura au mtu wa gari, weka simu spika. Kama kuna naloksoni (dawa inayozima nguvu ya unga na familia yake), mpe, ile ya puani unasukuma tundu moja tu. Kama hapumui mpe pumzi mdomo kwa mdomo, kichwa kimeinuliwa nyuma, pua umeibana, pumzi moja kila sekunde 5 hivi, na ukikuta hana dalili yoyote ya uhai anza kukandamiza kifua kama anavyokuelekeza mtu wa simu. Dakika 2 au 3 zimepita bila mabadiliko rudia naloksoni. Akianza kupumua mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, mkono chini ya shavu, ili akitapika asipaliwe. Na usimwache hata kama kaamka anakutukana kwamba umemharibia stimu, naloksoni inafanya kazi kama dakika 30 mpaka 90 afu inaisha, wakati dawa aliyotumia inaweza kuwa bado imo mwilini na ikamrudisha chini. Kama mzigo ulikuwa na fentanili, dawa nyingine ya familia ya unga ambayo ina nguvu mara 50 mpaka 100 ya mofini, dozi moja ya naloksoni inaweza isitoshe.

Vya kutofanya: kumwagia maji, kumnywesha maziwa, kumdunga maji ya chumvi, kumlazimisha atapike, kumtembeza tembeza.

Akiwa kazidisha kokeini, meth au vya kukesha picha ni tofauti, anachemka mwili, jasho, kifua kinabana, anaona watu wanamfuata. Punguza mwanga na kelele, mpooze kwa kitambaa chenye maji, usimshike kwa nguvu, hospitali. Degedege likimshika ondoa vitu vigumu karibu yake, usimwekee kijiko mdomoni, tazama saa, likipita dakika 5 hiyo ni dharura kubwa. Pombe nyingi mpaka haamki, mlaze ubavu kama nilivyosema na mpeleke, pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya kulala.

Ukifika kwa daktari sema ukweli wote, alitumia nini, saa ngapi, pamoja na nini. Chukua pakiti uende nayo.

Hatua ya 6: Kuacha, na nani asiache peke yake

Kuna ushauri unazunguka, jifungie chumbani siku tatu utoke mpya. Kwa anayekunywa pombe kali kila siku au anayemeza valiamu muda mrefu huo ushauri unaweza kuua. Akikata ghafla degedege linaweza kumjia, kwa pombe mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo, kwa valiamu linaweza kuchelewa zaidi, na kwa pombe kuanzia siku ya pili mpaka ya nne kuna hali ya kuchanganyikiwa, kutetemeka na kuona mauzauza ambayo bila hospitali inapoteza watu. Hawa wanapunguziwa dozi kidogo kidogo chini ya daktari.

Arosto ya unga, yale maumivu ya mwili ukiikosa dawa, ni mateso, inaanza kama masaa 8 mpaka 24 baada ya dozi ya mwisho, mifupa inauma, kuhara, kutapika, usingizi hakuna, inakaa siku 4 mpaka 10. Mara nyingi haiui yenyewe ila upungufu wa maji ni wa kuangalia. Kinachoua ni baada. Mwili umeshasahau dozi, mtu anarudi kuchukua kiasi kile kile cha zamani na anazimika hapo hapo. Ndo maana matibabu yenye nguvu kwa unga ni methadoni au buprenofini, dawa za hospitali zinazoshika nafasi ya unga, kwa muda mrefu, zote ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani toka 2005. Wanaosema methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi wanakosea, mtu anaipata kwa dozi iliyopimwa, hapandi wala hashuki, anaingia lekcha na anarudi kulala.

Kwa bangi, kokeini, meth na vya kukesha kazi kubwa ni ushauri nasaha, kurekebisha usingizi, na kutibu kile kilichokuwa chini yake, maana sonona isipotibiwa itamrudisha. Akianza kuongea habari za kujiua mpeleke siku hiyo hiyo, usimwache peke yake.

Mshauri nasaha wa chuo ndo mlango wa kwanza. Muulizeni kabisa kabla ya kuanza: haya nitakayosema yanabaki hapa? Anayeeleweka atakujibu wazi yapi yanabaki na yapi hawezi kuficha, kwa mfano hatari ya kufa.

Mzazi aliye mbali

Mama, baba, usikurupuke na gari usiku kwenda kumtoa mtoto chuo kwa aibu mbele ya wenzake. Piga simu, sikiliza, uliza "mwanangu unalala?" kabla ya "unatumia nini?". Hela lipa moja kwa moja ada na chumba, ya mkononi iwe ndogo na mara nyingi badala ya kubwa mara moja. Na kumwombea mwombee, lakini na miadi ya daktari ihudhuriwe.

Watu wa ofisi

Sheria ya kumfukuza mtu papo hapo ina matokeo ambayo hamyaoni: mtu anazidiwa chumbani saa nane usiku na wenzake wanakaa naye bila kupiga simu, wakiogopa kudisko (kufukuzwa chuo) wote. Chuo cha Cornell cha Marekani mwaka 2002 kiliweka utaratibu kwamba anayeita msaada kwa mtu aliyezidiwa na pombe, yeye na mgonjwa hawaadhibiwi kwa kunywa, na simu za msaada zikaongezeka. Andikeni sheria kama hiyo, ibandikeni mlangoni mwa kila hosteli, wadeni aijue kwa moyo. Muuzaji mkubwa ni suala la polisi, hilo sibishani.

Kipimo cha mkojo nacho msikiabudu. Bangi kwa mtumiaji wa kila siku inaweza kuonekana mwezi mzima baada ya kuacha, wakati kokeini inapotea siku chache tu, na kuna dawa za kawaida za mafua zinazoweza kudanganya kipimo cha haraka, kwahiyo majibu yathibitishwe maabara kabla hamjamwita mtu mbele ya kamati.

Akirudi chuoni

Asirudi chumba kile kile na watu wale wale kama kuna namna. Chuo cha Rutgers, Marekani, walianza kutenga nyumba ya wanafunzi waliopona toka 1988, chuo kisicho na uwezo huo kinaweza kuanza hata na korido moja au chumba cha mkutano mara moja kwa wiki. Kozi apunguziwe semista ya kwanza. Namba za pusha afute akiwa na mtu pembeni, laini abadilishe. Mkae muandike kwenye karatasi nini kinamvuta, siku ya hela, baada ya matokeo, ugomvi na mpenzi, na pembeni ya kila kimoja muandike jina la mtu atakayempigia.

Akiteleza, na wengi wanateleza, usianze upya hotuba. Muulize kilitokea nini masaa machache kabla, rekebisheni karatasi, mrudishe kliniki siku hiyo hiyo, na kama alikuwa wa unga au vidonge vya maumivu naloksoni ikae chumbani sehemu ambayo rumeti wote wanaijua, isifungiwe kwenye sanduku lake.